Konje ya kwanza pamoja: kutoka Dilala mpaka kwa simba wa Lubumbashi

Kwa miaka 9 bwana yangu hakutoka na watoto hata siku moja. Si kwamba konje hakuwa nayo. Kila mwaka alikuwa nayo, lakini kila mwaka ilikuwa na kazi yake: mwaka mmoja msingi wa nyumba, mwaka mwingine manjanja, mwaka mwingine matanga ya mama yake. Yeye anatumika kwa kontra ku kampani moja ya shaba, siku 14 kule kambini, siku 7 nyumbani. Katika zile 7, mbili ni za kulala, moja ya kufuata simenti, moja ya kanisa, na zingine za ndugu wanaokuja kusalimia. Mtoto wetu wa mwisho, binti wa miaka 4, alikuwa anamwita «Papa wa valizi», kwa sababu kila akimwona, valizi iko mlangoni.

Jina lile njo lililotutoa nyumbani. Siku moja jirani alimuuliza mtoto: «Papa yako iko wapi?» Akajibu: «Papa wa valizi? Iko analala.» Watu walicheka. Bwana yangu naye alicheka, lakini usiku aliniambia: «Mama, mwaka huu konje si ya simenti.»

Mickey iko mbali, simba iko karibu

Watoto walipopata habari, kila mmoja alikuwa na mji wake. Wanaona ku televizheni ile Disneyland ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, na majumba yake na Mickey anayeshika watoto mkono. Binti wetu wa pili, miaka 8, aliuliza bila haya: «Tunaenda kwa Mickey?» Baba yake alimwambia ukweli: kwenda kule ni paspoti za watu watano, viza, ndege, hoteli. «Ile makuta, hata nikiuza nyumba haitoshi. Lakini kuna simba Lubumbashi, na simba ni wa kweli. Mickey ni mutu amevaa nguo.»

Tulifikiria pia Nzilo, pale ambapo mto Lualaba ulifungwa katika miaka ya 1950 ili kutoa umeme wa migodi. Kwa familia yenye siku moja tu na makuta kidogo, Nzilo ni pazuri: unatoka asubuhi na samaki na bukari yako, mangaribi umesharudi Kolwezi. Lakini tulitaka kulala mbali na nyumba. Ukilala nyumbani, simu inalia, mtu anabisha mlangoni, na konje imekwisha.

Tuliweka makuta kwa miezi 10. Mimi niko ndani ya likelemba ya wamama wa sokoni, tuko 10, na niliomba zamu yangu ianguke mwezi wa 7. Yeye aliweka kando kidogo kila mwisho wa mwezi. Hatukukopa. Hilo ninalisema kwa wamama wenzangu: kutembea kwa deni kunarudi na deni.

Konje ni haki, si zawadi

Wafanyakazi wengi wanaomba konje kama mtu anayeomba sadaka. Kumbe sheria iko wazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inasema kila mtumishi mkubwa anapata angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliotumika, na haki ile inafika akimaliza mwaka mmoja. Kila miaka 5 kwa mkubwa wa kazi yule yule, inaongezwa siku moja. Bwana yangu amefanya miaka 9: siku 12, na moja juu yake, 13. Siku ya Mungu haihesabiwe. Na ni siku za kulipwa. Kampani inaweza kutoa zaidi, kupunguza haiwezi. Basi chukua kontra yako, soma, na kama husomi vizuri, pelekea sendika au mtoto wako wa sekondari akusomee.

Ndugu zetu wachimbaji wa mkono hawana hata hiyo. Siku asiposhuka mu shimo, ni siku bila franga. Kwao mapumziko ni mvua kubwa, au ugonjwa. Tunawakumbuka tunapoandika mambo haya.

Yaya anakasirika

Shida ya kwanza haikutoka kazini, ilitoka ndani ya familia. Yaya wa bwana yangu alikuja siku ya posho nyumbani kwetu, akakaa, akanywa maji, akasema: «Minasikia munaenda kutembea. Makuta yote ile ya kuenda kuangalia nyama? Na nyumba ya baba iko inavuja?»

Ni kweli, inavuja. Baba mkwe wangu alitumika Gécamines. Watu wa umri wake walikuwa wanasema kampani njo baba, njo mama: ilitoa nyumba, ilitoa posho ya unga, hospitali, masomo ya watoto, mpira na sinema. Halafu kampani ilianguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa ile mpango walioita «departi volonteri», kila mmoja na makuta ya mara moja mkononi. Baba mkwe alikuwa mmoja wao. Makuta yalikwisha, nyumba ilibaki, na sasa manjanja yake yametoboka.

Bwana yangu hakupandisha sauti. Alimjibu: «Yaya, nyumba ya baba nitaifunika mbele ya mvua. Hii ni neno. Lakini batoto banakomaa. Mwaka ya leo haitarudia.» Yaya aliamka na kwenda, hakuaga. Tuliondoka na ule uzito moyoni, sitaficha.

Barabara

Tulichukua basi saa kumi na mbili za asubuhi. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300. Ni mwezi wa 7, baridi na vumbi. Unapita mto Lualaba, unafika Fungurume, halafu Likasi, na njia yote uko nyuma ya malori: yanabeba shaba, yanaenda Kasumbalesa kutafuta mpaka wa Zambia. Mara kwa mara tulisimama. Kwa wale watakaofuata: chukueni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, chukueni maji, na shali kwa watoto wadogo. Na kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi.

Bwana yangu alikaa dirishani na kijana wetu mkubwa, miaka 11. Mlima kwa mlima alimweleza: hapa wanachimba, kule wanasafisha, ile bomba ni ya maji. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na nilisikiliza. Kwa mara ya kwanza mtoto alisikia kazi ya baba yake kutoka kinywani mwa baba yake.

Lubumbashi tulilala kwa dada yangu, komini ya Kenya. Hoteli tuliiacha, na makuta yake tuliyaweka kwa tiketi, chakula na siku moja ya pisini ambayo watoto waliahidiwa.

Mbele ya sokwe

Siku ya pili tulienda bustani ya wanyama, katikati ya mji. Binti mdogo alipomwona simba alijificha nyuma ya mguu wa baba yake, akashika suruali na mikono miwili. Bwana yangu alisimama vile, bila kutikisika, muda mrefu. Nadhani hakutaka simba aondoke.

Ndani ya bustani ile kuna pia nyumba ya sokwe walioponyeshwa. Inaitwa J.A.C.K., ilianzishwa mwaka 2006. Sokwe wale ni watoto walionyanganywa kwa watu wanaowauza: mama zao waliuawa porini kwa nyama, na wadogo walikamatwa ili wauzwe. Mwezi wa 9 mwaka 2022 watu waliingia usiku wakaiba watatu wadogo, halafu wakaomba makuta mengi ili wawarudishe. Niliwaeleza watoto. Binti wa pili aliuliza: «Hata nyama banamuibaka?» Sikuwa na jibu zuri.

Njo pale jambo lenyewe lilitokea. Bwana yangu alimwambia kijana: «Angalia ule mukubwa kule, anakuna mwenzake kichwa.» Kijana akasema: «Wapi?» «Kule, chini ya mti.» «Mti gani?» Baba yake alifikiri anacheza. Alimwonyesha tena, kwa kidole. Kijana alikunja macho, akasema taratibu: «Papa, minaona tu kitu nyeusi.»

Tulinyamaza. Bwana yangu alimshika mkono, wakatoka mpaka barabarani, akamwambia asome namba za magari yaliyosimama ng'ambo. Hakusoma hata moja. Akasogea hatua tano, bado. Akafika karibu kabisa njo akasoma.

Mwaka mzima shule yake ilikuwa inaandika ku buletini kwamba ni mtoto wa kusinzia, hafuati, ananakili kwa jirani. Mimi nilimpiga juu ya ile buletini. Baba yake alimfokea kwa simu kutoka kambini. Darasani wako watoto zaidi ya 50, na yeye anakaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Alikuwa ananakili kwa jirani kwa sababu daftari ya jirani iko karibu, ubao uko mbali. Na nyumbani? Nyumbani vyumba ni vidogo, kila kitu kiko karibu. Niliishi naye kila siku na sikuona. Ilitaka baba awe na mchana mzima bila kazi, na sokwe chini ya mti.

Pisini inageuka miwani

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alisema mtoto haoni vitu vya mbali, na si jambo la jana. Dawa yake ni miwani, si maombi wala karoti. Tulihesabu makuta pale pale ku benchi. Miwani ilikuwa bei ya pisini, pamoja na chakula cha siku mbili.

Watoto wadogo walilia. Binti wa pili alisema: «Njo vile, kila mara ni yeye.» Bwana yangu aliwakalisha akawaambia: «Nilikosea kuahidi kitu nisichokuwa nacho mkononi. Pisini ni deni yangu.» Siku zilizobaki tulitembea kwa miguu. Tuliona kanisa kubwa la Petro na Paulo, na kule Kamalondo uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011. Kwa nje tu, lakini kijana alishika ukuta kama mtu anayesalimia mzee. Jioni tulikula kwa dada yangu, bukari na sombe, na baba aliosha miguu ya watoto mwenyewe. Mpaka leo sijui alijifunza wapi.

Miwani ilitoka siku ya mwisho. Tulipokuwa tunaenda kutafuta basi, kijana alisimama katikati ya barabara. Alikuwa anaangalia ule mlima mweusi na bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua. Akasema: «Kumbe si pori. Ni mawe.» Baba yake alimweleza: ni takataka ya shaba, walianza kuyeyusha pale mwaka 1911, na kila kilichobaki walimwaga kando, mpaka ikawa mlima. Kijana aliangalia mpaka basi ikageuka.

Tuliporudi

Yaya alikuja juma lililofuata. Aliona mtoto na miwani, akauliza, tukamweleza. Hakusema kwamba tulifanya vizuri. Alimwita kijana, akamwonyesha kuku kule mwisho wa parsela: «Iko na rangi gani?» Kijana akajibu: «Nyeusi, na mukia ya mwekundu, na mguu moja ina kamba.» Yaya aliangalia vizuri, akaona kamba. Akacheka. Halafu akauliza manjanja ya baba itanunuliwa lini. Bwana yangu alitaja mwezi. Mwezi ule umepita na manjanja iko juu ya nyumba. Ilibidi tukose vitu vingine, lakini neno lilikuwa neno.

Nikiulizwa na mama mwingine wa Dilala kama makuta yale yalipotea, namwambia hivi: chukueni zile siku. Kama ni Lubumbashi, kama ni Nzilo, kama ni shamba la mjomba. Mzime simu. Mtembee na watoto mchana, mahali penye nafasi, na baba awaulize wanaona nini kule mbali.

Bwana yangu amerudi kambini. Asubuhi ile valizi ilikuwa mlangoni kama kawaida. Binti mdogo alikaa juu yake ili isiende. Alipoondolewa, alimwambia: «Papa, deni ya pisini.»