Kabla ya Kufunga Kiyoyozi: Ukuta, Waya na Hewa

Wakaao Bukoba na Muleba hawalijui joto la Dar es Salaam. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana kandokando yake kwa kawaida hukaa karibu na nyuzi 26. Hata hivyo, mfanyakazi akitaka kutumia jasho lake kujipatia kiyoyozi, hapana wa kumlaumu. Lakini chombo hiki hakisamehe uzembe, nacho chamtaka mwenye nyumba ayaangalie mambo matatu: ukuta, waya na hewa.

Kwanza ni ukuta. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, nyumba nyingi zilibomoka, na nyingine zilibaki zimesimama huku kuta zake zimepasuka. Sehemu ya kiyoyozi inayofungwa nje huweza kuzidi kilo 25, nayo hutetema kila inapofanya kazi. Kuitundika juu ya ufa uliofichwa kwa lipu na rangi ni kumtegea mtego mtoto apitaye chini yake. Fundi na aukague ukuta kabla ya kuutoboa. Akiuona dhaifu, chombo kikae chini, juu ya jukwaa la zege lililoinuka.

Pili ni waya. Umeme wa nyumbani una volti 230, nazo zatosha kuua. Kiyoyozi hula umeme mwingi kwa muda mrefu; kwa hiyo kisiunganishwe kwa ekstensheni, wala kisishirikiane soketi na friji au pasi, kwani waya mwembamba ukizidiwa hupata moto na kuunguza nyumba. Kipewe waya wake chenyewe kutoka swichi kuu, pamoja na swichi inayojikata umeme ukizidi. Kadhalika kiwe na waya wa ardhi, maana Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na chombo cha chuma kilicholowa na kuvuja umeme humuua akishikaye. Radi ikianza kunguruma, kizimwe na kukatwa kwenye swichi yake. Kazi yote hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuiona leseni hiyo kwa macho yake.

Tatu ni hewa. Wako wanaodhani kwamba kiyoyozi huvuta hewa mpya kutoka nje. La hasha! Viyoyozi vingi vya nyumbani huizungusha hewa ile ile ya chumbani. Jiko la mkaa likiwaka katika chumba kilichofungwa, au jenereta likinguruma karibu na dirisha, chumba hujaa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala asiamke tena. Tena, gesi za baadhi ya viyoyozi, kama R-32 na R-290, hushika moto. Zikivuja, madirisha yafunguliwe, moto usiwashwe, na fundi aitwe.

Yafaa pia kujiuliza kama chombo chenyewe chahitajika. Wazee wa Kihaya waliishi katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, na nyasi huzuia joto la jua. Sisi twaezeka bati, kisha twashangaa chumba kikiwaka kama tanuru. Dari, madirisha yanayoelekeana na mti wa kivuli huweza kutosha. Anayehitaji zaidi akiweke kiyoyozi kwenye nyuzi 24 hadi 26, na asafishe chujio lake kila mwezi.

Ndugu mfanyakazi, unapopanga fedha zako, tenga kwanza ujira wa fundi, ndipo uende dukani. Asiyeweza kumlipa fundi wa halali bado hajaweza kununua kiyoyozi.