Kuusikia Ufa Usioonekana: Ukaguzi wa Mirija ya Vibadilisha Joto na Nafasi ya Kiswahili

Makala haya yanadhamiria kueleza namna mitambo inavyokagua mirija ambayo jicho haliwezi kuifikia, na kudhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kulibeba jambo hilo. Mfano unaanzia Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana. Mnamo Desemba 2019, kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati 50 kilizinduliwa rasmi katika kaunti hiyo. Paneli zake hazina mirija ya kukaguliwa. Hata hivyo, jua likichwa paneli hulala, na taa za mji hutegemea gridi ya taifa, ambayo hulishwa na vyanzo vingine, ukiwemo mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha.

Huko Olkaria, katika kituo cha tatu, maji moto kutoka ardhini hupasha kioevu kingine kichemkacho kwa joto la chini, na mvuke wa kioevu hicho ndio unaozungusha tabaini. Kazi hiyo hufanyika ndani ya kibadilisha joto, yaani chombo kinachohamisha joto kutoka kioevu kimoja hadi kingine bila ya viwili hivyo kuchanganyika. Kibadilisha joto kikubwa huweza kuwa na mamia au maelfu ya mirija, na kinachotenganisha vioevu ni ukuta mwembamba wa metali tu. Kutu, chumvi na mtikisiko huula ukuta huo polepole. Mrija mmoja ukitoboka, mtambo mzima huenda ukazimwa.

Je, ufa ulio ndani ya mrija mrefu na mwembamba hugunduliwaje? Msingi wa jibu uliwekwa mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba usumaku unaobadilika huzalisha umeme. Mwaka 1855, Léon Foucault wa Ufaransa alibainisha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya bamba la metali linapopita kwenye uga wa sumaku. Mwaka 1879, David Hughes aliitumia athari hiyo kutofautisha metali mbalimbali. Katika karne ya 20, Friedrich Förster wa Ujerumani aliunda ala zilizoufanya ukaguzi huu kuwa kazi ya viwandani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kichunguzi chenye koili huingizwa ndani ya mrija. Umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde hupitishwa katika koili, nao huzusha uga wa sumaku, na uga huo huamsha mikondo izungukayo katika ukuta wa mrija. Mikondo hiyo nayo huwa na uga wake, unaoupinga ule wa koili. Palipo na ufa au ukuta uliolika, mikondo hulazimika kubadili njia, na koili huhisi badiliko hilo. Mfugaji wa ngamia humtambua mnyama wake gizani kwa mlio wa kengele ya mti iliyo shingoni. Mlio ukibadilika, hujua pana jambo kabla ya kuliona. Koili nayo husikiliza hivyo.

Masafa ya umeme huamua kina cha usikivu: yakiwa ya juu, mikondo hubakia karibu na uso, yakiwa ya chini, hupenya zaidi. Kabla ya kazi, kichunguzi hupitishwa katika mrija wa mfano uliotobolewa kwa vina vinavyojulikana, ili ishara za baadaye zilinganishwe nao.

Katika ukaguzi wa kujiendesha, mashine husukuma na kuvuta kichunguzi kwa kasi isiyobadilika, na mkono wa roboti hukihamisha kutoka mrija hadi mrija. Tarakilishi hurekodi ishara, huzipanga na kuzitenga zenye shaka. Hata hivyo, hukumu ya mwisho huhitaji mtaalamu. Akiziba mrija mzima, uwezo wa chombo hupungua bure. Akiuacha mbovu, hasara hungoja. Aidha, bamba linaloshikilia mirija huweza kuificha ishara ya ufa, na chuma chenye usumaku huvuruga usomaji kiasi cha kuhitaji mbinu nyingine.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Neno “mkondo” lilitoka majini kabla ya kuingia katika umeme, na mkazi wa ukingo wa Tana hahitaji kufafanuliwa jinsi maji yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Lakini “mkondo wa mzunguko” ungeleta utata, kwa kuwa “mzunguko” hutumika pia kwa njia kamili ya umeme kutoka betri hadi taa na kurudi. Ndiyo sababu makala haya yametumia “mikondo izungukayo”. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kwamba kazi ya istilahi za sayansi inawezekana. Iliyobaki ni kuziendeleza hadi kwenye karakana.

Kwa kuhitimisha, fundi anayesoma ripoti ya ukaguzi kwa lugha asiyoimudu huenda akaupita ufa ambao mashine imekwisha kuuona. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa istilahi nao huzibwa mapema, na wanafunzi wa Kiswahili ni miongoni mwa mafundi wake.