Tuko Wapi Katika Njia Nyeupe?



Mkaazi wa shamba kule Unguja akitoka uani usiku wa Julai usio na mwezi, huona utando mweupe uliopita juu ya kichwa chake, kutoka upande mmoja wa mbingu hadi wa pili. Wanafalaki huuita Njia Nyeupe, nayo ni galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani. Sehemu iliyo nene kupita zote, katika burji ya Kausi, ndiyo upande wa kitovu chake. Kwa Unguja sehemu hiyo hupanda nyuzi 67 juu ya upeo wa macho. Hapa Unionville hupanda nyuzi 17 tu, pungufu ya ngumi mbili za mkono ulionyooshwa, tena upande wa kusini, ambako taa za Toronto zimeifuta mbingu. Watoto wengi waliozaliwa hapa hawajapata kuiona, na wapo wanaodhani kuwa wazee wao huongeza chumvi wakiisimulia.

Kujua tuko wapi ndani ya galaksi hiyo kuliwachukua wataalamu muda mrefu. William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alihesabu nyota za kila upande kwa darubini yake, na mwaka 1785 akatoa ramani iliyoliweka jua karibu na katikati. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu mkubwa, lakini vumbi lililotanda baina ya nyota lilimzuia kuona mbali. Mfano wake ni mtu aliyesimama Main Street ya Unionville asubuhi ya ukungu. Taa anazoziona ni sawa kila upande, naye akadhani kuwa amesimama katikati ya mji. Lau angeinua macho juu ya ukungu, akaona vilele vya majumba marefu vimekusanyika vyote kusini, angejua mara moja katikati ya mji ni wapi.

Majumba marefu ya mbinguni ni mafungu ya nyota yenye umbo la tufe, mengi yao yakiwa na nyota laki kadhaa, na mengi yakielea juu na chini ya tabaka la vumbi. Harlow Shapley wa Marekani aliyapima, na mwaka 1918 akaonyesha kuwa yamekusanyika upande wa Kausi. Basi jua letu liko pembeni. Umbali aliukadiria kwa kuzidisha, lakini upande aliupata sawasawa. Alipimaje? Ndani ya mafungu hayo zimo nyota ambazo nuru yake hupanda na kushuka kwa mpango, na kutokana na mpango huo mng'aro wake halisi hujulikana. Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji maelezo zaidi: karabai zote zikiwa za aina moja, iliyo hafifu machoni ndiyo iliyo mbali.

Kazi hiyo iliendelezwa hapa jirani. Helen Sawyer Hogg, mzaliwa wa Massachusetts na mwanafunzi wa Shapley, alihamia Kanada mwaka 1931. Mwaka 1935 alifika Toronto, mwaka uleule kilipofunguliwa kituo cha falaki cha David Dunlap katika mji wa Richmond Hill. Darubini yake, yenye kioo cha upana wa mita 1.88, wakati huo ilikuwa ya pili kwa ukubwa duniani. Kwa darubini hiyo bibi huyo aliyapiga picha mafungu hayo kwa miaka mingi, na mwaka 1939 akatoa orodha ya nyota zake zinazobadilika. Tena kuanzia 1951 hadi 1981 aliandika safu ya nyota katika gazeti la Toronto Star. Mimi mwalimu mstaafu namwonea wivu: miaka 30 ya kufundisha bila ya kusahihisha mtihani hata mmoja! Alifariki mwaka 1993.

Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichofanya kazi angani toka 2014 hadi 2025, kimepima nyota karibu bilioni 2. Jua liko kiasi cha miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni, ndani ya sahani yenye upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi, na huchukua kama miaka milioni 230 kuizunguka mara moja.

Mwishoni mwa Julai, baada ya Isha, watoeni watoto nje. Hata Unionville zitaonekana nyota tatu kubwa: Vega karibu na utosi, Deneb mashariki yake, na Altair chini yao upande wa kusini-mashariki. Majina yote matatu ni ya Kiarabu. Deneb ni mkia. Vega ni tai anayetua. Altair ni anayeruka, neno lenye asili moja na tiara wanayoirusha watoto wa kwetu. Njia Nyeupe hutoka kwa Deneb, ikapita baina ya hizo mbili, ikateremka kusini hadi Kausi, ambayo nyota zake zimejipanga mithili ya buli la chai. Kitovu cha galaksi kipo mbele kidogo ya mdomo wa buli hilo.

Anayetaka kuiona yenyewe, na si kuionyesha kwa kidole tu, aende Torrance Barrens huko Muskoka, pahala palipotengwa tangu 1999 kwa ajili ya giza lake. Ni kiasi cha saa mbili kwa gari. Chukueni mkeka, makoti na dawa ya mbu, kwani mbu wa huko hawana adabu hata kidogo.