Nyumba Isiyomwangusha Mzee

Ukipita leo Tunduma, Mlowo au Vwawa utaona nyumba nyingi mpya za tofali za kuchoma. Vijana wanaofanya biashara wanawajengea wazazi wao, na hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunakuta ngazi tatu barazani zisizo na pa kushika, marumaru yanayoteleza, na choo nje gizani. Nyumba inapendeza macho, lakini mama wa miaka 75 hawezi kutembea humo peke yake.

Kuanguka si jambo dogo

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kuanguka ni chanzo cha pili cha vifo vya ajali duniani, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mifupa ya mzee huvunjika upesi. Akivunjika nyonga hulala muda mrefu, na anaweza kupata vidonda vya mgongoni na nimonia. Hata akipona, huogopa kutembea. Misuli hulegea, naye huanguka tena. Ndivyo mtu aliyekuwa akijipikia anavyobaki kungoja aletewe hata maji ya kunywa.

Tumwambie fundi nini?

1. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ili hata kiti cha magurudumu kipite.

2. Pembeni mwa ngazi iwepo njia ya mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu uwe sentimita 12. Baraza lenye kimo cha sentimita 30 linahitaji mita 3 na sentimita 60. Saruji yake ikwaruzwe, maana wakati wa mvua matope huteleza.

3. Chooni na bafuni, bomba la chuma la kushikia lijengewe ukutani mapema. Baadaye itabidi kubomoa.

4. Njia ya chooni iwekewe taa ndogo za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita. Siku hizi zinauzwa madukani.

Simu nayo ni msaada

Huko Uingereza wazee wengi huvaa kitufe shingoni. Wakianguka hukibonyeza, na msaada huitwa kwa simu. Sisi tunaweza kutumia simu ndogo ya vitufe. Namba ya jirani iwekwe kwenye kitufe kimoja, na mama aivae kwa kamba hata aendapo chooni. Lakini simu haimwinui mtu: jirani huyo awe na ufunguo wa mlango.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike na wote. Nyumbani kwetu wakaguzi ni sisi wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kabla ya kumwita fundi, tukae kwanza na mama, tumwulize: "Mama, usiku unapita wapi, na unashika nini?"