Safari ndefu na watoto: moja kwa moja au kulala njiani?



Kila shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Desemba, hapa Zuzu tunaulizwa swali ambalo halimo katika kadi ya kliniki. Mama analeta mtoto kupimwa uzito, na akimaliza anasema kwa sauti ya chini: "Sista, tunakwenda ukweni Mwanza. Tupande basi la moja kwa moja, au tulale Singida?"

Zamani swali hilo halikuwa na maana kubwa. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, na mtu wa Bukoba alilala njiani apende asipende, mara nyingi Kahama, wengine wakiwa wamejikunja ndani ya basi lenyewe. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa kusafiri saa zote 24. Basi sasa ni mama mwenyewe anayechagua, na wengi huchagua kwa kutazama nauli na gharama ya gesti. Hatuwalaumu, maana fedha ni ngumu. Ila mtoto naye ana hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Tuanze na kisa kimoja. Bibi mmoja alikuwa akitoka Kahama na mjukuu wake wa miaka saba, wakija Dodoma kwa basi la usiku. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli. Walipofika alikuwa akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo, midomo imekauka, na hakuweza kusimama. Tulipomuuliza bibi mtoto alikunywa nini njiani, alijibu bila kuficha: "Nilimnyima maji, wanangu. Basi halisimami, na akijikojolea watu watatusema." Tangu Nzega mtoto yule hakuwa amepata hata funda moja. Alilazwa siku nane, akaongezewa maji kwa mshipa na kupewa dawa za maumivu. Alipona, tunashukuru.

Bibi yule hakuwa mkatili. Alifanya kile ambacho akina mama wengi hufanya, ila wao huwa hawasemi. Tumewasikia wakishauriana stendi: usimpe maji, atakusumbua. Kwa mtoto mzima wa afya, kukaa saa tatu bila maji ni kiu tu. Kwa mtoto anayeharisha au anayetapika, ni hatari. Kwa mtoto mwenye sikoseli, mwili ukipungukiwa maji chembe nyekundu za damu hujikunja kwa wingi zaidi, zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Baridi na uchovu huchochea pia, na usiku wa Julai kati ya Singida na Dodoma wote tunaujua ulivyo.

Kwa hiyo, mama anapotuuliza, sisi huanza kwa kumuuliza kama katika njia hiyo mtoto wake ataweza kunywa na kukojoa. Basi la moja kwa moja ambalo kondakta wake anakubali kusimama ni bora kuliko safari ya kulala njiani ambamo mtoto ananyimwa maji siku mbili mfululizo. Mzungumze na kondakta kabla ya kukata tiketi, siyo mkiwa tayari porini. Mwambie, "Nina mtoto mdogo, mnasimama wapi?" Akijibu kwa mkato, tafuta basi jingine. Ulizeni pia kama lina madereva wawili. Usiku una faida yake, maana mtoto hulala, jua halimchomi na hatapiki sana. Lakini dereva aliyechoka ni yuleyule anayewabeba nyote.

Chukueni kopo lenye mfuniko kwa ajili ya haja ndogo. Tunajua wengine watacheka, lakini kopo hilo limeokoa safari nyingi kuliko dawa. Mtoto apewe mafunda machache ya maji safi kila baada ya nusu saa au saa moja, hata kama hajaomba. Aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, tena mara kwa mara zaidi kukiwa na joto. Mama naye anywe.

Wekeni pakiti mbili za ORS katika mkoba wa mkononi, siyo katika begi lililofungiwa chini ya basi. Pakiti moja huchanganywa katika lita moja kamili ya maji safi na salama, na ikipita saa 24 yanayobaki yamwagwe. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, siyo vya kilima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uanze tena kijiko kimoja kimoja.

Chakula kiwe chepesi na kikavu: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mayai yaliyoiva sawasawa, karanga kwa wakubwa. Wagogo wenzetu mtatusamehe, mlenda ubaki nyumbani. Mtoto anayechefuka akae sehemu za mbele, atazame barabara, na asishibishwe sana kabla ya kupanda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linatukosesha usingizi sisi wauguzi. Wapo wazazi wanaowanywesha watoto dawa za maji za mafua au za kutapika ili walale njia nzima. Promethazini hairuhusiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Ndani ya basi lenye giza, mtoto aliyeacha kupumua anaonekana sawa na mtoto aliyelala. Hata kwa mkubwa zaidi, dawa hiyo itolewe kwa kipimo cha mganga, siyo kwa kipimo cha mama jirani. Kama shida yenu ni kwamba mtoto hatatulia saa kumi na mbili, hiyo ndiyo sababu nzuri ya kulala njiani.

Je, ni nani hasa tunamshauri akate safari? Mwenye watoto wawili au watatu wadogo akiwa peke yake. Mwenye mtoto aliyetoka kuugua wiki hiyo. Mwenye mtoto wa sikoseli, kama kuna ndugu wa kumfikia katikati. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita zipatazo 240, na mtoto huzimudu. Anayekwenda Tabora au Kigoma akumbuke kwamba Itigi ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na kwamba treni ya reli ya kati, ingawa ni ya polepole, ina choo na nafasi ya mtoto kunyoosha miguu. Kwa upande wa Dar es Salaam swali karibu limekwisha. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ni ya saa chache tu.

Lakini kulala njiani kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye tiketi, nayo ni mbu. Mkoa wetu wa Dodoma ni miongoni mwa ile yenye malaria kidogo nchini. Tabora, Kigoma, Geita na sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa siyo hivyo. Mtoto wa huku mwili wake haujazoea malaria, na usiku mmoja katika gesti isiyo na chandarua unatosha. Bebeni chandarua chenu chenye dawa, hakina uzito. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata wiki mbili au tatu baadaye, aletwe kupimwa siku hiyohiyo, na mtuambie mlilala wapi.

Dalili za kushuka kwenye basi mji wowote mliofikia, iwe Manyoni, Igunga au Shinyanga, ni hizi: mtoto hajakojoa kwa saa sita, macho yamedidimia, analia bila machozi, amelegea, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, au amepata degedege. Msisubiri mwisho wa safari. Nauli itapotea, ndiyo.

Wachache kati yenu wana watoto waliooa au kufanya kazi ng'ambo, na swali lao ni la ndege. Ndege huruka juu sana, na hewa ya ndani yake hulingana na ya mlima wa mita zipatazo 1,800 hadi 2,400. Ni kama kumtoa mtoto Dodoma, ambako ni mita 1,100 hivi, ukamketisha Njombe. Mtoto mzima hana shida, lakini wa sikoseli aonwe na daktari kwanza. Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka, kwa hiyo mtoto anyonye au anywe wakati huo. Safari ya kubadilisha ndege ina kushuka mara mbili, basi na maumivu ni mara mbili. Kwa sababu hiyo, kama ipo ndege ya moja kwa moja na bei mnaiweza, kwa mtoto mdogo sisi tunaipendelea. Kama haipo, mapumziko ya saa tatu hivi ni bora kuliko saa moja ya kukimbizana na mizigo.

Tena angalieni jambo hili: anayerudi Tanzania akiwa amekaa zaidi ya saa 12 katika nchi yenye homa ya manjano, kama Ethiopia au Kenya, hudaiwa cheti cha chanjo, hata mtoto akishatimiza mwaka mmoja. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu yenye kulala Addis Ababa huongeza kazi ambayo wengi huikumbuka wakiwa uwanjani.

Yule bibi alipita kwetu tena mwaka uliofuata, akimpeleka mjukuu kwao Kahama. Safari hii walilala Singida kwa mdogo wake, mtoto amevaa sweta, na dawa zake zote mkobani. Waliporudi tulimuuliza habari za njiani. "Kopo limefanya kazi," akasema. "Alikojoa mara nne kabla ya Igunga. Nilihesabu."