Akiba haiozi, lakini yaweza kukuuguza

Msomaji, hebu tazama juu ya kabati lako la nguo. Je, kuna sanduku ambalo hujalifungua tangu uhamie nyumba hiyo? Na chini ya kitanda je? Yamkini kuna redio iliyokufa zamani, viatu visivyokutosha tena, magazeti ya mwaka juzi, chaja za simu ambazo simu zenyewe hazipo, na mitungi isiyo na vifuniko. Ukiulizwa mbona huvitupi, utajibu kama tunavyojibu sote: "Vitafaa siku moja."

Jibu hilo si la kuchekwa. Wahenga walisema akiba haiozi, na wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, kuna wakati akiba hugeuka mzigo, na mzigo huo ukaleta maradhi. Daktari anayetibu watu katika mji kama Rongo, ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Migori, hukutana mara kwa mara na ugonjwa ulioanzia katika chumba kilichojaa vitu. Leo tutaeleza ni kwa nini binadamu hung'ang'ania mali, ni lini tabia hiyo hudhuru afya, na ni nini cha kufanya.

Chako hukiona ghali

Mwaka wa 1990, wataalamu watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyopata sifa kubwa. Waliwagawia baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani vikombe vya kawaida, na wengine hawakupewa kitu. Kisha waliopewa waliulizwa wangeuza kikombe kwa bei gani, na wasiopewa wangenunua kwa bei gani. Waliokuwa na vikombe walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Vikombe vilikuwa sawa, na walikuwa wamekaa navyo kwa muda mfupi tu. Kitu kikishakuwa chako, moyo hukipandisha bei.

Je, tumezaliwa hivyo? Jibu moja lilipatikana hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 2014, Coren Apicella na wenzake walieleza utafiti waliofanya miongoni mwa Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Kila mtu alipewa pakiti ya biskuti au kiberiti cha gesi bila kuchagua, kisha akaulizwa kama angependa kubadilisha apate cha aina nyingine. Kama mtu hana upendeleo kwa alichonacho, tungetarajia nusu ya watu wabadilishe. Katika kambi za mbali, takriban nusu walibadilisha kweli. Katika kambi zilizo karibu na kijiji cha Mangola, ambako watalii hufika na biashara ni ya kila siku, ni kama robo tu waliokubali kuachia walichopewa.

Wahadza wa kambi za mbali wana desturi ya kugawana karibu kila kitu, na mtu akiomba hupewa. Walio karibu na soko wamejifunza kuuza, kununua na kuweka. Kumbe basi, kung'ang'ania mali hakutokani na damu peke yake. Maisha yenyewe hutufundisha.

Hofu, kumbukumbu na heshima

Somo la kwanza la maisha hayo ni hofu ya kukosa. Mkulima wa miwa hupanda leo na kungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukata. Katika muda huo, bati kuukuu au baiskeli mbovu ndiyo benki yake: mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya karo, kuna kitu cha kuuza. Siku hizi kuna ushauri mwingi wa kuishi na vitu vichache, hasa tangu Mjapani Marie Kondo alipochapisha kitabu chake kuhusu kupanga nyumba mwaka wa 2011. Ushauri huo una manufaa, lakini ni mwepesi kwa mtu ambaye akitupa sufuria leo anaweza kununua nyingine kesho. Usimhukumu jirani yako kwa kuweka madebe.

Hata hivyo, hofu yaweza kupita kiasi na kumla mwenyewe. Mnamo Juni 1, 2019, ilitangazwa kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika ifikapo Septemba 30 mwaka huo. Muda ulipokwisha, Benki Kuu ya Kenya ilieleza kuwa noti zaidi ya milioni 7 hazikurejeshwa. Huenda baadhi zilikuwa mikononi mwa watu walioogopa kuulizwa walikozipata. Lakini ni nani atakayeshangaa zikipatikana nyingine ndani ya magodoro na masanduku ya wazee, zikiwa karatasi tupu?

Jambo la pili ni kumbukumbu. Daktari wa watoto Mwingereza, Donald Winnicott, alieleza mwaka wa 1951 jinsi mtoto mdogo hushikamana na kipande cha blanketi au mwanasesere ili apate utulivu mama yake anapokuwa mbali. Sisi watu wazima hatuachi kabisa tabia hiyo. Koti la marehemu, kiti alichopenda kukalia baba, daftari la mtoto aliyefariki: vitu hivi hushikilia mahali pa mtu aliyeondoka.

Mama mmoja mjane wa viungani mwa mji aliletwa kliniki na bintiye. Pumu ilikuwa ikimkaba kila usiku, ingawa alitumia dawa yake ya kuvuta vizuri. Alipoulizwa kuhusu chumba anacholala, binti ndiye aliyejibu: chini ya kitanda kulikuwa na magunia matatu ya nguo za marehemu baba, nazo zilikuwa hapo kwa miaka minane. Mama alikasirika. "Daktari, hizo si nguo," alisema, "huyo ni mzee wangu." Hakuambiwa azitupe. Alishauriwa achague chache, azifue, azianike juani na kuziweka ndani ya sanduku la bati lenye kifuniko, na zilizobaki awape wajukuu na watu wa ukoo mbele ya macho yake. Ilichukua miezi miwili. Pumu haikuisha, maana pumu haiponi kwa kufagia, lakini usiku wake ukawa na usingizi.

Jambo la tatu ni heshima. Katika nyumba nyingi kuna vyombo vya wageni ambavyo wenyeji hawavigusi. Hilo halina ubaya kwa sahani. Ubaya ni pale chandarua kipya, kilichotolewa na serikali ili kuzuia malaria, kinapobaki ndani ya mfuko wake kabatini kikingoja mgeni au ndoa ya binti, huku watoto wakilala ndani ya kile cha zamani chenye matundu. Kaunti za Migori na Homa Bay ziko katika ukanda wa ziwa ambako malaria ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya Kenya. Chandarua kilicho kabatini hakimkingi yeyote. Msomaji, ikiwa unacho, kifungue leo, kianike kivulini, na ukitundike juu ya kitanda cha mtoto.

Madhara kwa mwili

Chumba kilichojaa vitu hakifagiki vizuri. Vumbi, ukungu, mende na uchafu wao huamsha pumu na mafua yasiyoisha. Panya hupata makao, na nyoka humfuata panya. Mzee anayepita gizani kati ya marundo hujikwaa, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawatembei tena kama zamani. Mshumaa au kibatari karibu na rundo la magazeti ni moto unaongoja. Nje ya nyumba, matairi makuukuu na makopo hushika maji ya mvua na kuzalisha mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Mbu huyu si yule wa malaria, lakini magonjwa yake tumeyaona nchini: chikungunya ilizuka Lamu mwaka wa 2004, na dengue Mombasa mwaka wa 2013.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hukaa ndani ya vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni mfuko wa dawa zilizobaki. Dozi kamili ya dawa ya malaria iitwayo AL kwa mtu mzima ni vidonge 24 katika siku 3. Anayepata nafuu siku ya pili na kuficha vilivyosalia "vya siku nyingine" hujidhuru mara mbili: viini havijaisha mwilini, na siku hiyo nyingine atatumia nusu dozi bila kupimwa. Homa hiyo huenda isiwe malaria kabisa. Dawa za kuua bakteria nazo zikitumiwa hivyo hivyo huwafanya bakteria wazoee dawa.

Cha pili ni chupa ya soda iliyohifadhiwa na kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia shamba. Mtoto huona soda. Akiinywa, usimlazimishe kutapika, kwani mafuta yaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Mkimbize hospitalini, na uichukue chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa.

Akili nayo huchoka. Mwaka wa 2010, Darby Saxbe na Rena Repetti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kuwa wanawake waliozitaja nyumba zao kuwa na vurugu ya vitu walikuwa na homoni ya msongo, kotisoli, isiyoshuka ipasavyo kadiri siku ilivyosonga. Kwa wanaume hali haikuwa dhahiri hivyo. Huenda ni kwa sababu macho ya mama huona kila kitu kuwa kazi inayomngoja.

Inapokuwa ugonjwa

Kuna watu wachache ambao kwao tabia hii ni ugonjwa wa akili wenye jina lake. Madaktari wa akili wa Marekani waliuorodhesha peke yake mwaka wa 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake mpya iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Tafiti, nyingi zikiwa za nchi za Magharibi, hukadiria kuwa unawapata watu 2 au 3 kati ya 100.

Mfano unaotajwa sana ni wa ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, wa New York. Mwaka wa 1947 walikutwa wamekufa ndani ya nyumba yao. Langley, ambaye ndiye aliyemlisha nduguye kipofu, alikuwa ameangukiwa na rundo, na Homer akafa bila wa kumsaidia. Vitu vilivyotolewa humo vilizidi tani 100.

Dalili za kuangalia ni hizi:

– Mtu hawezi kuachana na vitu, hata visivyo na thamani yoyote, na akijaribu huumia moyo sana.
– Vitu vimejaa hata kitanda hakilaliki, jikoni hapapikiki, au mlango haufunguki.
– Hali hiyo imeharibu kazi, ndoa, afya au usalama wa walio nyumbani.

Ugonjwa huu si uvivu wala uchoyo. Mara nyingi huanza katika ujana na kuzidi kadiri umri unavyosonga, na huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Mwaka wa 2012, David Tolin na wenzake waliwapiga wagonjwa picha za ubongo walipokuwa wakiamua iwapo watupe karatasi zao, wakaona kwamba sehemu zinazopima uzito wa jambo zilifanya kazi kupita kiasi. Kwao, kila risiti ni uamuzi mkubwa. Lakini mzee ambaye hakuwa na tabia hiyo akianza ghafla kurundika takataka, apelekwe kupimwa. Huenda ni ugonjwa wa kusahau au jeraha la ubongo.

Tiba iliyothibitika zaidi ni ya mazungumzo, ambapo mgonjwa hufundishwa hatua kwa hatua kuamua, kuachilia na kustahimili uchungu wake. Muone daktari wako akuelekeze kwa mtaalamu katika hospitali ya rufaa. Kosa la jamaa wengi ni kungoja mzee asafiri, kisha wakachoma kila kitu. Arudipo, imani kwa wanawe huvunjika, na baada ya muda mfupi nyumba hujaa tena.

Uanzie wapi?

Kwa sisi wengine, hatua hizi zatosha. Anza na dawa: zilizobaki na zilizopitwa na muda zipeleke kwenye duka la dawa au zahanati, uulize namna ya kuziondoa. Mafuta na kemikali zihamishie kwenye vyombo vyenye alama, mahali palipofungwa. Kisha safisha njia ya kupitia na sehemu ya kulala.

Baada ya hapo chukua kabati moja tu kwa siku, wala usianze na vitu vya marehemu. Tenga mafungu matatu: ninachotumia, cha kumpa mtu, na cha kutupa. Kilicho kizima mpe mtu unayemjua, maana moyo huachilia kwa wepesi unapojua kitu kimekwenda kwa nani. Cha kumbukumbu chagua kimoja ukitunze vizuri, na vingine uvipige picha kabla ya kuvitoa.

Na ikiwa vitu ni vya mzazi wako, usiviguse bila yeye. Keti naye, muulize kila kimoja kilitoka wapi, na umpe muda wa kujibu.