Kupoza nyumba Tabora: paa kwanza

Joto la nyumba nyingi za Tabora hutoka juu. Mji uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mapema Machi na mapema Oktoba. Machi huwa na mawingu na mvua za kulipunguza makali. Oktoba haina. Kiangazi kimefika ukingoni, ardhi imekauka, na joto la mchana hupita nyuzi 30. Ifikapo saa saba mchana, kinachochomwa zaidi ni bati, na bati lisilo na dari hulishusha joto hilo moja kwa moja kitandani.

Wajenzi wa zamani kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, walikuwa na dawa yao: tembe. Kuta zake ni nene, za udongo, na paa lake bapa ni la miti iliyofunikwa udongo vilevile. Udongo mzito hupokea joto polepole. Linapofika upande wa ndani, jua limekwisha kuzama na ubaridi wa usiku umeanza kulichukua. Katika tembe la namna hiyo, pale Kwihara nje kidogo ya Tabora, wasafiri Stanley na Livingstone walifikia Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Tembe hilo limejengwa upya na sasa ni makumbusho.

Hata hivyo tembe lina taabu zake. Paa huvuja, mchwa hula miti, na vyumba huwa na giza. Bati lilishinda kwa haki, maana humwaga maji vizuri na maji hayo huweza kukingwa. Tatizo ni kuliacha bati peke yake.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kupoza nyumba iende kwenye dari, iwe ya jipsamu au ya mbao. Hewa iliyonaswa kati ya bati na dari huzuia joto, lakini lazima iwe na njia ya kutoka. Matundu yaachwe chini ya mapaa na kwenye pembe za juu, yakifunikwa wavu ili popo na panya wasiingie. Dari iliyozibwa kila upande hugeuka tanuri. Bati jeupe au linalong'aa hurudisha jua zaidi kuliko lililopakwa rangi nzito au lililoota kutu. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Ya magharibi ndiyo huleta adha ya jioni, na hapo veranda au mwembe husaidia. Tabora haina uhaba wa miembe.

Kwenye nyumba za matofali ya kuchoma, utaratibu wa Oktoba ni rahisi: madirisha yafunguliwe usiku, yafungwe asubuhi kabla hewa ya nje haijapata moto. Wengi hufanya kinyume chake.

Feni hufuata. Haipunguzi joto la chumba hata kidogo. Hupitisha hewa juu ya ngozi na kukausha jasho, kwa hiyo kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme. Feni ya wati 75 ikifanya kazi saa nane hutumia uniti 0.6 tu ya LUKU. Pangaboi linapozunguka kivivu, mara nyingi kilichochoka ni kapasita, kidude cha bei ndogo ambacho fundi umeme hubadilisha kwa muda mfupi. Vumbi la kiangazi juu ya mapanga nalo lifutwe, kwani likilemea upande mmoja feni huyumba.

Hewa kavu ya Oktoba ina faida ambayo Dar es Salaam haiipati. Mashine za kupoza kwa maji, zinazopitisha hewa kwenye pedi iliyolowa, hufanya kazi vizuri Tabora wakati huo, kwa kanuni ileile inayopoza maji ya mtungi. Mvua zikianza, faida hiyo hupungua sana. Tangi la mashine hiyo lisafishwe mara kwa mara, maji yasikae yakaoza au kuzalisha mbu.

Kiyoyozi kiwe cha mwisho. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa nne chenye dari huhitaji BTU 9,000 hivi. Bila dari hata BTU 12,000 zinaweza kuzidiwa. Aina ya inveta hula umeme kidogo zaidi, na kukiweka nyuzi 25 au 26 kunatosha. Chujio lioshwe kwa maji kila mwezi wakati wa vumbi, na sehemu ya nje isizibwe na majani. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" aulizwe inavuja wapi, kwa sababu gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika.

Baridi ya Tabora ni ya usiku wa Juni na Julai, joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 15. Haihitaji mashine, dirisha lililofungwa vizuri na blanketi hutosha. Hatari iko kwenye jiko la mkaa linaloingizwa chumbani. Mkaa usio na moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Jiko la mkaa, hata linalofifia, lisilale ndani na watu.